Mwananchi wa Kawaida Namba Moja

Napenda kuutangazia umma, kwa furaha na kwa nakala kumi na moja, kwamba gari la umeme ni nafuu. Ni nafuu kwa kila mwenye kipato cha kawaida. Jambo hili liliamuliwa Jumatatu saa nne asubuhi, katika kikao cha Idara ya Usafiri wa Kesho, na lilipita bila kupingwa. Mkurugenzi alisema anayepinga asimame, na viti vya ukumbi wetu ni vile vya kuzama, ukishakaa kusimama ni kazi. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu: kuthibitisha.

Mimi ndiye katibu wa Kamati ya Kuthibitisha Unafuu. Sijisifu, lakini katika idara nzima hakuna anayeandika barua ikaandikika kama mimi. Barua yangu haitoki bila mstari wa mwisho usemao "Nakala kwa", na chini yake ofisi zote kumi na moja: Mishahara, Nyumba za Serikali, Magari ya Serikali, Hospitali, na nyingine ambazo hata sijui zinafanya kazi gani, ila nakala wanapata. Wenzangu huniita Bwana Nakala. Acha wacheke. Hakuna siku hata moja ofisi imesema haikujulishwa jambo nikiwa kazini.

Tangazo la Mkurugenzi lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya unafuu. Ya pili ilisema kwamba mara Kamati itakapompata mwananchi mmoja wa kawaida anayelimudu gari la umeme, Mkurugenzi atasaini amri ya kuyaondoa barabarani magari yote ya petroli yaliyozidi miaka kumi. Mmoja tu anatosha, alisema, maana wananchi wa kawaida wanafanana.

Nikaagizwa nimtafute mwananchi huyo kwa haki na bila upendeleo. Nilimtafuta tangu saa nane mchana mpaka saa nane na robo, nikampata shemeji yangu.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Mtaani wanamwita Mama Mikate. Kila siku saa kumi alfajiri anachukua mikate kwenye tanuri, na kabla ya saa mbili inakuwa imefika kwenye maduka kumi na tisa, hospitali moja, na ofisini kwetu kwa chai. Anaibeba kwa gari la petroli lenye umri wa miaka ishirini na sita, ambalo yeye huliita Bibi Kizee. Viti vya nyuma aliving'oa ili kreti zipate nafasi. Mlango wa abiria unafunguka kwa nje tu, kwa hiyo ukipanda umepanda, mpaka akufungulie mwenyewe. Kwa gari hilo amesomesha watoto wawili, na wa tatu yuko mwaka wa pili wa uuguzi.

Nilimpelekea habari njema nyumbani kwake, mke wangu akiwa amekaa pembeni.

"Ngoja nielewe, shemeji," alisema, akiweka chini kitambaa alichokuwa akifutia kreti. "Nikiweza hilo gari lenu, Bibi Kizee anaondolewa barabarani."

"Kwa heshima zote," nilisema.

"Na hilo gari jipya nitalinunua kwa pesa gani?"

"Hilo linashughulikiwa na Kamati Ndogo ya Hesabu."

"Na mtoto wangu chuoni atalipiwa na Kamati Ndogo gani?"

Nilimweleza kwamba amechaguliwa kwa niaba ya taifa zima.

"Taifa zima halina shemeji mwingine?" aliuliza mke wangu. Kisha akaninunia siku nne. Nataka ieleweke kwamba niliyabeba hayo kwa moyo wa utumishi.

Gari lilikabidhiwa Alhamisi, kwa majaribio ya siku thelathini. Lilikuwa jeupe, safi, linang'aa, na Mkurugenzi alilipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa maziwa. Shemeji alipotaka kusaini hati ya makabidhiano nilimzuia kalamu ikiwa hewani. Kanuni ya Nne iko wazi: mwananchi wa kawaida hatasaini waraka wowote wa serikali isipokuwa fomu ya maombi. Akisaini waraka, waraka huo utahesabiwa kuwa ni maoni. Nikasaini mimi kwa niaba yake, yeye akajaza fomu ya kuomba nisaini kwa niaba yake, na mambo yakaenda vizuri.

Kamati Ndogo ya Hesabu nayo haikulala. Iligundua kwamba bei ya gari ni sawa na mapato ya Mama Mikate ya miaka kumi na saba. Mtu mwoga angeishia hapo. Wenzetu walichimba zaidi, wakagundua kwamba kikwazo si bei ya gari. Kikwazo ni kula. Mwananchi wa kawaida akiacha kula, kupanga nyumba na kuugua, gari analimaliza kwa miaka minane, na hapo hatujagusa akiba ya maji ya kuoga. Niliisoma ripoti hiyo mbele ya shemeji kwa sauti ya kutia moyo.

"Sasa nyote mkiacha kula," aliuliza, "mikate yangu nitamuuzia nani?"

Swali lilipokelewa na kuwekwa kwenye faili.

Nieleze sasa mwenendo wa majaribio. Shemeji amepanga ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na gari linalala chini, uani. Soketi ziko juu. Kwa hiyo alinunua waya wa mita arobaini, akauteremsha dirishani ukapita kwenye kamba za nguo za ghorofa ya pili, ukakatiza mlango wa msusi wa ghorofa ya kwanza, ukafika kwenye gari. Kuchaji kulichukua saa kumi na tisa. Kabla ya hapo tokeni za umeme za mwezi zilimtosha mwezi. Siku hiyo alinunua asubuhi, na jioni mita ikawa inalia tena.

Siku ya tatu msusi aliunga kikaushio cha nywele kwenye waya ule ule. Ripoti yangu: "Gari limeanza kuzalisha ajira."

Siku ya tano umeme ulikatika mtaa mzima, na alfajiri gari halikusogea. Ripoti yangu: "Gari halikukwama. Lilitulia."

Siku ya sita jirani wa ghorofa ya pili aliuvua waya ili aanike blanketi. Hiyo sikuiandika, kwa kuwa blanketi haliko chini ya idara yetu.

Haki isemwe, shemeji hakulichukia gari lile. Alinipigia simu akiwa njiani, siku ambayo lilikuwa limejaa chaji. "Gari lenyewe halina kosa, shemeji. Halipigi kelele, halinuki, halisumbui kama mume wa mtu. Ningekuwa na mahali pa kulichomeka na bei ya binadamu, Bibi Kizee ningemstaafisha mimi mwenyewe kwa mikono yangu." Nilinukuu mpaka "halina kosa".

Siku ya tisa ndiyo iliyoleta maneno. Gari lilibakiwa na asilimia nne ya chaji, kreti zimejaa, na shemeji akakumbuka kwamba kuna kituo cha kuchajia magari cha umma, kimoja katika mji mzima, nacho kiko kwenye uwanja wa ofisi yetu. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi nilikuwa nafika na begi langu, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyasikia kwa masikio yangu.

Mlinzi alimsimamisha. "Mama, hapa hapachajiwi."

"Kwani si kituo cha kuchajia?"

"Ndicho. Ila hakijazinduliwa." Akaonyesha utepe uliozungushwa kwenye mashine. Wakati unafungwa ulikuwa mwekundu. Umekaa mwaka na nusu juani ukimsubiri Mkurugenzi apate nafasi ya kuja kuukata, na sasa una rangi ya fizi.

"Umeme umo?"

"Umo, mama."

"Soketi ipo?"

"Ipo, tena mpya."

"Sasa kinachozuia nini?"

"Utepe."

"Basi nipitishe mkono kwa chini, utepe nisiuguse hata kidogo."

Mlinzi alitikisa kichwa kwa huruma. "Mama yangu, ukipitisha mkono utakuwa umezindua. Na wewe si Mkurugenzi."

Shemeji aliniangalia. Mimi niliangalia saa yangu, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa mkononi. Siku hiyo maduka kumi na tisa hayakuona mkate, na wagonjwa wa hospitali walikunywa chai kavu. Sista wa wodi alimwambia kwamba ikitokea tena atatafuta mtu mwingine. Jioni alikuja nyumbani kwetu, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila hata kuvua viatu, na machozi yakamtoka. Shemeji yangu si mtu wa kulia. Mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sina kanuni ya kulijibu, na mimi, lazima niseme ukweli, nilijisikia vibaya.

Siku ya kumi alilirudisha gari, akamwasha Bibi Kizee, akaendelea na kazi. Kamati iliketi ikaandika hitimisho kwa mstari mmoja ambao bado naona ni mzuri: "Gari limefaulu. Mwananchi amefeli."

Kwa hiyo ilibidi apatikane mwananchi wa kawaida zaidi. Mkurugenzi alisema kosa letu ni kwamba tulikwenda kumtafuta kabla ya kumfafanua. Tukajifungia ukumbini siku mbili tukamfafanua. Mwananchi wa kawaida ni yule ambaye gari lake linalala ndani ya banda lenye paa na soketi. Ana jenereta ya umeme ukikatika. Ana gari la pili la kutumia wakati la kwanza linachajiwa. Na asubuhi hana haraka. Ufafanuzi ulipigiwa makofi, kwa kuwa haukumtaja mtu wala kumwonea mtu.

Tulipoupeleka kwenye orodha ya watu wote wa mji, lilibaki jina moja. Lilikuwa la Mkurugenzi. Alikuwa na nyumba ya serikali yenye banda, jenereta ya serikali, gari la serikali na dereva wake, na miezi miwili nyuma alikuwa amejinunulia gari la umeme, jekundu.

"Mimi?" alisema, akishika kifua. "Jamani. Kweli kabisa?" Alikuwa na furaha ya mtu aliyeambiwa hajazeeka. "Mnajua siku zote nimejiona mtu wa chini."

Sherehe ilifanyika Ijumaa. Saa tisa kamili alipewa Hati ya Ukawaida, yenye muhuri na nembo, inayomtangaza kuwa Mwananchi wa Kawaida Namba Moja, na alitoa hotuba kuhusu shida anazozijua za watu kama yeye. Saa tisa na dakika kumi, watu bado wanapiga makofi, alichukua kalamu akaisaini ile amri: kuanzia tarehe mosi, magari ya petroli yaliyozidi miaka kumi yaondoke barabarani. Niliandika saa zote mbili kwenye muhtasari, maana mimi huandika kila kitu. Shemeji alikuwa mlangoni na kreti ya mikate ya wageni. Aliiweka chini polepole, akatoka bila kudai chochote. Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa amenitandikia kwenye kochi.

Jumamosi niliituma ile hati. Nakala kumi na moja.

Sasa nataka watu wajue kwamba serikali inafanya kazi. Ukiipa karatasi iliyo sahihi, inafanya kazi kwa kasi ya kutisha. Jumatatu, Nyumba za Serikali waliona kwamba ndani ya nyumba ya serikali anaishi mwananchi wa kawaida, jambo lisiloruhusiwa, wakampa saa arobaini na nane. Jenereta waliondoka nayo siku hiyo hiyo. Magari ya Serikali walimchukua dereva, na gari likamfuata dereva. Mishahara walimshusha kwenye ngazi ya mwananchi wa kawaida. Hospitali walimfuta kwenye chumba cha watu maalumu, wakampa kadi ya foleni, namba mia tatu na sita. Ofisi zile ambazo sijui zinafanya kazi gani, nazo zilifanya, ila sikuelewa.

Jumatano asubuhi Mkurugenzi aliingia masijala jasho likimtoka. Mimi nilikuwepo, na shemeji alikuwepo akipanga mikate ya chai kwenye meza ya karani.

"Lete hati ile niifute," alimwambia karani wa masijala, mama mmoja mpole ambaye hajawahi kumfokea mtu wala kumkubalia mtu. "Nasaini hapa hapa."

"Huwezi kusaini, mzee wangu," alisema karani. "Kanuni ya Nne. Mwananchi wa kawaida hasaini waraka wa serikali."

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"Ulikuwa, mpaka Ijumaa saa tisa. Hati ni hii hapa, na muhuri ni wako mwenyewe." Akamsogezea karatasi nyingine, taratibu. "Unaweza kujaza fomu ya maombi. Inajibiwa na Mkurugenzi."

"Mkurugenzi yuko wapi?"

"Kiti kiko wazi."

Shemeji aliacha kupanga mikate. "Samahani, mimi mtu wa mikate tu," alisema. "Hivi ile amri ya magari, mzee aliisaini saa ngapi?"

Masijala yote ilinigeukia. Nilifungua muhtasari wangu. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema wino umefifia. Lakini niliukumbuka ule usiku wa kochi, nikamkumbuka shemeji kwenye kiti cha jikoni na viatu vyake miguuni, na nikasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Hati, saa tisa kamili. Amri, saa tisa na dakika kumi."

"Ehee," alisema shemeji. "Tangu lini mwananchi wa kawaida akatoa amri?"

Karani alivaa miwani, akaisoma amri, akaisoma Kanuni ya Nne, akavua miwani. Alisema amri ile ni maoni. Alimshukuru Mkurugenzi wa zamani kwa kuyatoa, akayatumbukiza kwenye Sanduku la Maoni ya Wananchi, lililo ukutani pale pale, ambalo mimi mwenyewe nilisimamia uwekaji wake na ambalo halijawahi kuwa na ufunguo.

Shemeji alikaa kwenye benchi, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akampigia simu mwanawe wa uuguzi. "Mwanangu, soma," alimwambia. "Soma tu. Bibi Kizee bado yupo."

Kiti cha Mkurugenzi kiko wazi mpaka leo. Kamati yangu ina jukumu la kumtafuta Mwananchi wa Kawaida Namba Mbili, na tangu Jumatano ile kila mkubwa ninayempigia simu ananiambia kwamba yeye si wa kawaida hata kidogo na kwamba ana mashahidi.

Namba Moja alipanga chumba ghorofa ya nne, juu ya shemeji. Alibakiwa na gari lake jekundu la umeme. Alinunua waya wa mita hamsini, akauteremsha ukapita kwenye dirisha la shemeji, ukapita kwenye kamba za nguo, ukafika kwa msusi, ambaye aliupokea kwa mikono miwili.

Wiki ya pili umeme ulikatika. Asubuhi gari jekundu likatulia katikati ya barabara, nusu kilomita kutoka ofisini kwetu. Mimi nilikuwa ndani ya Bibi Kizee, shemeji akinipa lifti, maana tumepatana. Alisimamisha, tukafunga kamba, Bibi Kizee akaliburuta gari jekundu polepole mpaka uwanjani, Namba Moja akiwa ndani yake, ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Tukalifikisha mbele ya mashine ya kuchajia. Namba Moja akashuka na waya wake mkononi.

Mlinzi alimsimamisha. Ni mlinzi mpya wa zamu ya asubuhi, hamjui mtu. "Mzee, hapa hapachajiwi."

"Umeme umo?" aliuliza Namba Moja.

"Umo, mzee wangu. Ila hakijazinduliwa. Tunamsubiri Mkurugenzi aje akate utepe."

Namba Moja aliutazama utepe. Alinyoosha kidole, akaugusa kwa ncha, akakirudisha haraka. Alinigeukia kana kwamba mimi ningesema kitu. Niliangalia saa yangu.

"Hajapata nafasi kwa mwaka na nusu," aliendelea mlinzi, kwa sauti ya kumliwaza. "Wakubwa wana shughuli nyingi. Vumilia tu."

Shemeji alipiga honi. "Mzee, unapanda au unabaki? Mikate inapoa, na sista wa wodi hana subira."

Namba Moja alipanda. Nafasi ya mbele ilikuwa yangu, kwa hiyo alikaa nyuma, sakafuni, kati ya kreti, na moja akaipakata ili isidondoke. Shemeji alizunguka akamfungia mlango kwa nje. Nami nikatoa daftari nikaandika ripoti ya siku: mwananchi wa kawaida amepata usafiri anaoumudu. Chini yake nikaandika "Nakala kwa", nikafikiri kidogo, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikaacha hapo hapo pakiwa patupu.